Vifaa vya sayansi vya Mwezini kabatini: maoni ya fundi mizani

Nianze na malalamiko, niyamalize mapema. Katika ukumbi wa vifaa vya Mwezini nilioutembelea huko Marekani, kabati la kwanza ukiingia lina kibandiko cha herufi kubwa kinachosema kwamba hivi ni vifaa vilivyotumika Mwezini. Jumba lenyewe silitaji, wakisoma watajijua. Ndani ya kabati kuna kipima mitetemo, sanduku la mawasiliano na antena yake, na kijisanduku cha kupimia vumbi kinachoenea kiganjani. Vimepangwa kwa adabu na taa zinavimulika vizuri. Ila vilivyotumika Mwezini viko Mwezini hadi leo. Hakuna aliyevibeba kuvirudisha, na havikuundwa virudi.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenipeleka, akauliza: "Kwa hiyo mjomba, hapa tunaangalia feki?"

Hapana, si feki. Hapo ndipo penye utamu wa ukumbi huu, ambao pamoja na kasoro zake ningemshauri mtu yeyote anayependa vyombo vya vipimo aende, tena aende bila haraka.

Mimi ni fundi wa mizani na vyombo vya maabara. Kazi yangu ni kuhakikisha kipimo kinasema kweli. Kila chombo ninachokishika kina kadi yake: namba yake, nani alikikagua mara ya mwisho, kilikuwa kinakosea kiasi gani kabla hakijarekebishwa. Chombo kisicho na kadi hatukitumii, hata kama kinang'aa vipi. Sasa mtu mwenye ugonjwa huo ukimwingiza makumbusho, cha kwanza kutafuta ni kadi. Na makumbusho mengi, nasema kwa masikitiko, yanakuwekea chombo na kukunyima kadi.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, mpangilio ulikuwa hivi. Apollo 11, safari ya kwanza ya Wamarekani kutua Mwezini na watu, Julai 1969, ilibeba seti ndogo ya majaribio: kipima mitetemo kinachotumia umeme wa jua, kifaa cha kurudisha miale ya leza, na vikorokoro vichache. Kuanzia Apollo 12 hadi 17, ukiiacha 13 ambayo haikutua, kila safari iliacha kituo kamili kilichoitwa ALSEP, kilichoundwa na kampuni ya Bendix huko Ann Arbor, Michigan. Vituo vitano, vyombo vikibadilika safari hadi safari, vyote vikituma vipimo Duniani kwa redio. Tarehe 30 Septemba 1977 vikazimwa, kwa sababu za bajeti. Kituo cha Apollo 12 kilikuwa kimekusudiwa kufanya kazi mwaka mmoja. Siku ya kuzimwa kilikuwa kinakaribia miaka minane. Nimeshughulika na mizani ya bei mbaya ambayo haikufikisha nusu ya hapo, na ilikuwa imekaa juu ya meza, ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Kwa hiyo kilichobaki Duniani ni ndugu wa tumbo moja wa vile vilivyokwenda. Na ndugu hawa hawalingani hadhi. Kuna kilichotengenezwa sawasawa na kilichorushwa, kikawekwa akiba kama mwenzake akiharibika. Kuna kilichoteswa kwa makusudi: kikatikiswa, kikachomwa, kikagandishwa, ili ijulikane mwenzake atavumilia nini. Kuna cha mafunzo, ambacho wanaanga walikifungua na kukifunga hadi mikono ikazoea. Na kuna sanamu tupu, boksi lililopakwa rangi, ndani hamna hata waya. Mtazamaji anayeambiwa tu "vifaa vya Mwezini" hawezi kujua yuko mbele ya kipi kati ya hivyo, na kila kimoja kina habari yake tofauti ya kusimulia.

Kilichotuokoa ni mzee mmoja wa kujitolea, mhandisi mstaafu mwenye beji shingoni, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kabati. Mpwa wangu alimsalimia kwa heshima zake zote, nami nikauliza: kipima mitetemo hiki ni kipi kati ya ndugu? Akacheka, akasimama, akasema hilo swali huwa haliulizwi. Ni cha mafunzo, akasema, na akatuonyesha kwa nini.

Tazama vichwa vya boliti, alisema. Vyombo vya ALSEP vilifungwa juu ya sanduku lake kwa boliti maalumu ambazo mwanaanga alizifungua kwa fimbo ndefu yenye mpini wa herufi T na ncha ya pembe sita. Fimbo hiyo hiyo ndiyo iliyonyanyulia vyombo na kuvipeleka mahali pake. Vazi la anga halikumruhusu mtu kuinama vizuri, na ndani ya glavu zile vidole vilikuwa vinene na vizito, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kufanyika kwa kusimama wima. Sasa kwenye kipima mitetemo kile cha kabatini, kuzunguka kila tundu la boliti kuna mikwaruzo ya nusu duara, mingine juu ya mingine, pale ncha ya fimbo ilipokosa tundu, ikateleza, ikarudi, ikakosa tena. Upande mmoja wa kila tundu una mikwaruzo mingi kuliko mwingine. Rangi imebanduka hadi chuma kinaonekana. Ni alama za mkono wa mtu anayejifunza, zimehifadhiwa kwa zaidi ya miaka hamsini, na hakuna hata neno moja kwenye kibandiko la kukuambia uziangalie.

Hapo nilikaa muda mrefu. Mpwa wangu alikwenda kwenye kiti cha kuigiza kutua Mwezini, akatua, akaanguka, akatua tena, akarudi akanikuta palepale.

Kingine cha kutazama kwenye chombo hicho ni namna ya kukisawazisha. Kipima mitetemo kikiinama kinadanganya, kama mizani tu. Wabunifu wakaweka kikombe kidogo chenye gololi ndani: gololi ikitulia katikati, chombo kimekaa sawa. Ni wazo zuri kabisa mezani. Apollo 11 walipofika nalo Mwezini, gololi ilikataa kutulia. Ikawa inazunguka ukingoni mwa kikombe, mwanaanga Aldrin akihangaika nayo, hadi mwishowe ikabidi chombo kikadiriwe kwa macho. Kikombe kile kipo pale kabatini, unaweza kukiona ukichutama upande wa kushoto, maana ukisimama mbele taa inaakisi kwenye kioo na huoni kitu. Nashauri uchutame. Usijali watakaokushangaa.

Kasoro kubwa zaidi ya kabati hilo ni kwamba kipima mitetemo kimewekwa bila mtetemo hata mmoja. Sikukuta mchoro wa mstari uliochorwa na chombo, hata uwe mfupi kama kiganja. Ni sawa na kuonyesha darubini usiseme iliona nini. Na chombo hiki kilisikia mambo! Tarehe 20 Novemba 1969, wanaanga wa Apollo 12 walipokuwa wamesharudi kwenye chombo mama, sehemu ya juu ya chombo chao cha kutua iliangushwa makusudi juu ya Mwezi. Ardhi ilitetemeka kwa karibu saa nzima. Duniani mtikisiko wa kiasi hicho ungekwisha kwa muda mfupi sana, lakini Mwezi ni mkavu na tabaka lake la juu limepasukapasuka, mawimbi yanarukaruka humo bila kupungua haraka. Aprili 1970, Apollo 13 ile iliyopata ajali nayo ilifanya kazi moja ya sayansi na ikafanikiwa: sehemu ya roketi yake iligonga Mwezi, na kipima mitetemo cha Apollo 12 kikaandika mtikisiko uliodumu zaidi ya saa tatu. Watu wanaikumbuka safari ile kwa hatari yake tu.

Baadaye vituo vinne, vya 12, 14, 15 na 16, vilifanya kazi kwa pamoja kama mtandao, vikanasa maelfu ya mitikisiko, mingine ikitokea mamia ya kilomita chini ya ardhi ya Mwezi. Mwaka 2011 watafiti waliichambua upya rekodi ile ya zamani kwa mbinu mpya na kutoa picha ya kiini cha Mwezi. Rekodi za chombo kilichozimwa mwaka 1977 bado zinatoa habari. Ukutani pale pangetosha mstari mmoja wa wino na sentensi mbili. Badala yake pana spika inayorudia kuhesabu sekunde za kuruka kwa roketi, kila baada ya dakika chache, hadi mtu unasahau ulikuwa unasoma nini.

Kabati la umeme ni zuri zaidi, na kibandiko chake ni cha kweli. Kina mfano wa mtambo wa SNAP-27, lile pipa dogo jeusi lenye mapezi, lililogeuza joto la plutoniamu, mafuta yake ya nyuklia, kuwa umeme wa wati 70 hivi. Kibandiko kinakuambia bila kuficha kwamba ni mfano na hauna mafuta ndani, jambo la kushukuru. Kando yake kuna nakala ya kasha la kubebea mafuta. Plutoniamu haikusafiri ndani ya mtambo. Ilisafiri kwenye kasha gumu la grafaiti ubavuni mwa chombo cha kutua, na mwanaanga alipaswa kuichomoa kwa kifaa chenye mpini mrefu na kuitumbukiza mtamboni. Apollo 12, mwanaanga Alan Bean alivuta, haikutoka. Ilikuwa imenasa kwenye kasha. Pete Conrad akachukua nyundo akapiga ubavu wa kasha huku mwenzake akivuta, polepole, hadi ikatoka. Kila fundi atakayesoma habari hiyo atatabasamu. Miaka ya hesabu, vipimo vya hali ya juu, halafu mwisho wa siku ni nyundo.

Kasha la Apollo 13, kwa taarifa yako, lilirudi Duniani na chombo cha kutua na liko chini ya bahari ya Pasifiki.

Kisha kuna keekee. Wengi walipita hapo bila kusimama, kwa kuwa inafanana na keekee yoyote ya kutobolea ukuta, na injini yake kweli ilitoka kwa Black & Decker. Kazi yake ilikuwa kutoboa mashimo ya kuingizia vipimajoto virefu, ili ijulikane joto kiasi gani linatoka ndani ya Mwezi. Mtafiti mkuu alikuwa Marcus Langseth. Apollo 15, mwanaanga David Scott alitoboa, keekee ikagoma. Mashimo yalitakiwa kukaribia mita tatu, yakaishia karibu nusu ya hapo. Sababu ilikuwa kwenye maungio ya vyuma: mifereji ya kupandishia mchanga haikupita sawasawa pale chuma kimoja kilipoungana na kingine, mchanga ukajaa, ukabana. Kwenye kabati wameweka vipande viwili sambamba, cha muundo wa kwanza na cha muundo uliorekebishwa, na ukiangalia kwa makini unaona mfereji wa kwanza unavyofifia kwenye ungio na wa pili unavyopita bila kukatika. Aliyevipanga hivyo ni mtu wa kazi, nampa mkono. Hakuhitaji hata maelezo marefu, vyuma vyenyewe vinasema.

Apollo 16 wakaenda na vyuma vilivyorekebishwa, shimo likatobolewa vizuri, kisha mwanaanga John Young akanasa mguu kwenye waya. Waya ukang'oka pale ulipoungana na kituo kikuu, na kipimo chote kikafa hapohapo. Apollo 17 ndiyo iliyokamilisha kazi. Kabatini kuna kipande cha waya wa aina hiyo. Ni bapa, kama utepe mpana, na hata leo bado una mikunjo ya jinsi ulivyokuwa umekunjwa. Hebu fikiria mikunjo hiyo mahali ambapo uzito ni moja ya sita ya huku: haulali chini. Unabaki umejiinua juu ya ardhi, na mtu aliyevaa vazi lile haoni miguu yake mwenyewe. Waya una nguvu ya kutosha katikati. Udhaifu uko kwenye kiungo, palepale ambapo kila waya wa kila chombo nilichowahi kurekebisha huwa unakatikia.

Kuna fimbo ya Apollo 14, yenye sahani chini na baruti ndogo ndani, aliyotumia Ed Mitchell kugongagonga ardhi ili vipaza mitetemo visikie. Baruti 21, zilizolipuka 13. Niliipita haraka, kioo chake kilikuwa kimejaa alama za vidole.

Kirudisha leza kimewekwa katikati ya ukumbi peke yake, na hilo ni sahihi. Ni sinia la vioo vya pembe, cha Apollo 11 na 14 vikiwa vioo 100, cha Apollo 15 vioo 300. Hakitumii umeme, hakina kinachozunguka. Mwale wa leza ukitoka Duniani ukagonga kioo, unarudi ulikotoka, muda unahesabiwa, umbali unajulikana. Kwenye kituo cha uchunguzi wa anga cha Apache Point huko New Mexico wanafikia usahihi wa milimita. Kila kioo kimezamishwa kidogo ndani ya tundu lake ili jua lisikipige pembeni na kukipotosha kwa joto. Kina kipenyo cha sentimita 3.8, kwa sadfa tu, hicho ndicho kiasi ambacho Mwezi unasogea mbali nasi kila mwaka, na vioo hivi ndivyo vilivyosaidia kulipima. Kibandiko kimetaja yote mawili kwenye mistari tofauti bila kuyaoanisha. Mpwa wangu ndiye aliyegundua, na alifurahi kuliko alipotua kwenye kile kiti cha kuigiza.

Kirudisha leza cha pale ni cha akiba, imeandikwa wazi, na namba yake inasomeka ubavuni. Hii ndiyo kadi ninayoisema.

Kibandiko bora kuliko vyote nilikikuta pembeni karibu na choo, ambako watu wanangojana. Ni cha kipima mvuto cha Apollo 17, wazo la mwanafizikia Joseph Weber, aliyetaka kuutumia Mwezi kunasa mawimbi ya mvuto. Chombo kilifika, kikawekwa, hakikufanya kazi. Hesabu ilikosewa, vizani vya kusawazishia vikatoka vyepesi mno, na kule juu boriti yake haikuweza kusawazishwa. Kibandiko kinaeleza yote hayo kwa lugha nyepesi, bila kumcheka mtu na bila kufunika kombe. Nilipokuwa nakisoma kijana mmoja aliyesimama nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba kumbe na wao hukosea. Kizani chepesi kwa asilimia chache, na safari ya kilomita zaidi ya laki tatu na nusu. Nilitamani kumwonyesha kila mwanafunzi wangu wa ufundi anayeniambia kwamba tofauti ni ndogo tu.

Kwa vitu vilivyorudi, ukumbi huu hauna vingi, na hilo si kosa lake. Ni vichache duniani kote. Kilichorudi hasa ni filamu, mawe na udongo, jumla kilo 382 kwa safari zote sita, na karatasi ya alumini ya Chuo Kikuu cha Bern. Ile ya Uswisi inastahili kabati lake, si kona. Johannes Geiss na wenzake walitaka kunasa upepo wa jua wenyewe, chembe zake. Wakatengeneza karatasi ya alumini ya upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1.4, inayoning'inia kwenye mlingoti. Apollo 11 waliisimamisha kabla ya bendera, wakaiacha ikitazama jua kwa dakika 77, wakaikunja, wakarudi nayo, na maabara ikaikatakata na kuiyeyusha ili gesi zilizonaswa zipimwe. Kilichopo ukumbini ni mlingoti wa mafunzo na karatasi ya kisasa iliyokunjamana, gizani.

Kuna pia sanduku la alumini la kubebea mawe. Angalia ukingo wa mfuniko: kuna ncha kali upande mmoja na upande wa pili kuna mfereji wa indiamu, chuma laini, ili ncha ijizamishe humo na kuziba hewa. Safari kadhaa vumbi liliingia kwenye ukingo huo na sanduku halikuziba sawasawa. Mzee wa beji alituambia vumbi lile lilikuwa adui wa kila kitu: boliti, zipu, viungo vya glavu. Ndiyo maana palikuwa na kile kijisanduku cha kupima vumbi, kilichobuniwa na Mwaustralia Brian O'Brien, chenye uzito wa gramu 270 tu. Baada ya miaka mingi nakala za vipimo vyake zilipotea kule Marekani, na ikagundulika kwamba O'Brien alikuwa bado na zake. Ni habari tamu ya utunzaji wa kumbukumbu, ila kabatini wameandika jina la kifaa tu.

Baada ya hapo tulikwenda Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya anga, ambako kiingilio ni bure. Huko ndiko inakohifadhiwa kamera ya Surveyor 3, chombo kisicho na mtu kilichotua Mwezini Aprili 1967. Wanaanga wa Apollo 12 walikitembelea kwa miguu, wakakata vipande vyake na kurudi navyo. Hicho hakihitaji ndugu, ndicho chenyewe, kilikaa kule na kikarudi.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya George Carruthers. Huyu alikuwa mwanafizikia Mmarekani mweusi, alizaliwa 1939, akafanya kazi maabara ya utafiti ya jeshi la majini, na ndiye aliyebuni darubini-kamera ya miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, iliyokwenda na Apollo 16, Aprili 1972. Ilikuwa darubini ya kwanza ya astronomia kutumika juu ya Mwezi. Filamu ilirudi, darubini yenyewe bado iko kule kwenye nyanda za Descartes. Smithsonian wana pacha wake wa Duniani. Ni mashine fupi, nene, yenye miguu mitatu, imepakwa dhahabu ili isichemke, na nilipoiona nilitafuta kwanza mahali pa kuielekezea. Ni kwa mkono. John Young alikuwa anaizungusha hadi kwenye nyuzi alizopangiwa, anaiacha ipige picha, anarudi kuigeuza, na jua lilivyosogea akawa anaihamisha ibaki kivulini mwa chombo cha kutua. Ndani yake miale ya urujuanimno inagonga kipande maalumu, kinatoa elektroni, sumaku inazikusanya juu ya filamu. Ndivyo Dunia ilivyopigwa picha ikiwa imezungukwa na wingu lake la hidrojeni, ambalo kwa macho hatulioni.

Mpwa wangu ananisomea uhandisi. Alisimama mbele ya dhahabu ile bila kusema kitu, kisha akaniomba simu yangu, akidai kamera yangu ni nzuri kuliko yake. Picha zote alizopiga ni za miguu mitatu na skrubu zake za kusawazishia. Damu ni damu.

Sasa ushauri kwa atakayekwenda kwenye ukumbi ule wa kwanza, au wowote unaofanana nao. Chukua darubini ndogo ya mkono inayoona karibu. Bati za namba ziko nyuma au chini na macho matupu hayafiki. Tafuta kama kimeandikwa mahali kwamba si cha kurushwa, vingi vya mafunzo vina alama hiyo. Fungua picha za safari kwenye simu, ziko mtandaoni bure, na ulinganishe: kwenye picha za Mwezini utaona msalaba mwembamba mweusi ukijirudia, unatokana na kioo chenye alama kilichowekwa ndani ya kamera za Hasselblad kwa ajili ya kupimia, na kamera iliyo kabatini ukiipata kwa pembe nzuri kioo hicho kinaonekana. Na uliza. Swali ni moja tu: hiki ni cha akiba, cha majaribio, cha mafunzo, au sanamu? Wasipojua, waandikie kwenye kitabu cha wageni. Mimi niliandika, nikaomba na mchoro wa mtetemo.

Vyakula ni ghali na vya kawaida. Duka la mlangoni lina roketi za kila saizi na halina hata kadi moja ya posta yenye kifaa cha sayansi.

Nyota nne kati ya tano, na ya tano wameinyimwa na kile kibandiko cha kabati la kwanza. Mzee wa beji anaondoka saa tisa alasiri, na hadi sasa karibu yote niliyoyaeleza kuhusu mikwaruzo ile anayo yeye kichwani, hayajaandikwa popote ukumbini. Nenda asubuhi.